Paka wa Bure Amekula Theluthi ya Mshahara Wangu

SWALI: Shangazi, shikamoo. Nina miaka 26, nauza vifaa vya simu Kariakoo na nimepanga chumba kimoja Tabata. Mkononi napata 450,000 kwa mwezi. Mwezi wa sita mwenzangu wa dukani alinipa mtoto wa paka, jike, wa kama miezi miwili. Akaniambia, "Chukua, ni wa bure, hana gharama." Nikamchukua kwa ajili ya panya, na nisikufiche, kwa ajili ya upweke pia. Sasa ana miezi minne. Mwezi uliopita niliandika kila nilichomnunulia: chakula cha paketi mifuko miwili, kila mmoja kilo moja na gramu 200, shilingi 52,000; mchanga wa paka wa supamaketi mifuko miwili, 36,000; maziwa 14,000; kitanda chake 35,000; mkanda wa shingoni wenye kengele 7,000; dawa ya unga ya viroboto 5,000. Jumla 149,000. Mdogo wangu wa kiume alipoona ile karatasi alicheka mpaka akakaa chini. Anasema nyumbani Korogwe paka hawajawahi kupangiwa bajeti, wanakula makombo na maisha yanakwenda. Asubuhi kabla sijatoka namjazia bakuli, naliweka kibarazani kwa sababu chumba ni kidogo, na dirisha naliacha wazi apite. Jioni nalikuta limelambwa linang'aa. Shangazi, nimrudishe alikotoka? — Mpangaji, Tabata

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza hongera kwa kuandika. Nilikaa miaka 22 kwenye dirisha la stoo, kazi yangu kuandika kilichoingia na kilichotoka, na watu wazima wenye vyeo vyao walikuwa hawawezi kuniletea karatasi iliyonyooka kama hii yako.

Sasa tuifungue. Mifuko miwili ya kilo moja na gramu 200 ni gramu 2,400. Gawa kwa siku 30, unapata gramu 80 kwa siku. Paka wangu Kipara ni dume zima la kilo nne na nusu, na siku akila chakula kikavu peke yake hamalizi gramu 65. Wako ana miezi minne, labda hajafika hata kilo mbili. Tumbo la kuweka gramu 80 kila siku, na maziwa juu yake, hana. Mwanangu, hapo Tabata unalisha shume. Kuna dume la mtaani, pengine na mwenzake, linakusubiri ufunge mlango uelekee kituoni, halafu linapanda kibarazani kula chakula cha 26,000. Usinibishie. Kesho pima kwa kikombe, nusu asubuhi ndani ya chumba akile ukiona, nusu jioni ukirudi, na bakuli lisilale nje. Mtoto wa umri huo akipata mara tatu ni bora zaidi, ila mwajiri wako hatakuruhusu kurudi mchana, basi mbili za kushiba na kidogo kabla ya kulala zinatosha. Mfuko mmoja utakufikisha mwisho wa mwezi ukimchanganyia na nyama.

Mpe chakula cha paketi cha watoto wa paka mpaka atimize mwaka, kwa sababu ndicho kilichopimwa kwa ajili ya kukua. Juu yake ongeza mioyo ya kuku au dagaa waliochemshwa. Tenga 10,000 kwa mwezi, usizidishe. Paka ni mla nyama kweli kweli. Kuna kirutubisho kinaitwa taurini, kinapatikana kwenye nyama na samaki, na paka akikikosa muda mrefu macho yanaharibika na moyo unachoka. Ndiyo maana ugali na mchuzi haumtoshi, na chakula cha mbwa hakimfai hata kama ni nusu bei. Na mchuzi wetu una vitunguu: kitunguu maji na kitunguu saumu vyote vinaharibu damu ya paka. Kabla hujakaanga chochote, mtolee chake pembeni, kimechemshwa kwa maji matupu.

Maziwa acha. Elfu 14 unazitoa ili mnyama aharishe, maana paka wengi wakishaacha kunyonya, maziwa ya ng'ombe hayawakubali. Maji safi hayana bei.

Mchanga wa supamaketi nao acha. Nenda kwa fundi seremala na gunia lako, muombe maranda, yale makubwa yanayokunjika kama maganda ya kitunguu. Usichukue vumbi la msumeno, linampanda puani. Huku Makorora, Tanga, gunia nalipata kwa 2,000, na magunia mawili yanamaliza mwezi. Beseni la zamani, maranda kina cha vidole vitatu, kinyesi unakitoa kila siku, maranda yote unabadilisha mara mbili kwa wiki. Ukiona maranda yana rangi au harufu ya dawa ya mbao, rudisha.

Kitanda na kengele sisemi neno, umeshanunua. Ila nina hakika analala kwenye boksi lililokuja na kitanda.

Kilichonishtua kwenye karatasi yako ni kile cha bei ndogo kuliko vyote, dawa ya viroboto ya 5,000. Toa pakiti usome sasa hivi. Kama imeandikwa ni ya mbwa, au ndani yake kuna permethrini, usimpake tena, na kama umempaka leo muogeshe kwa sabuni ya vyombo, mkaushe, umpeleke kwa daktari wa mifugo. Mbwa anaivumilia. Paka inamtia kutetemeka na degedege, inaweza kumuua. Na tukiwa kwenye dawa: Panadol usimpe hata chembe. Kidonge kimoja cha binadamu kinatosha kuua paka mzima. Nimeshaandikiwa barua ya namna hiyo hapa na sitaki nyingine.

Haya, hesabu. Ukitoa kitanda na kengele, ambavyo hununui tena, mwezi wako ulikuwa 107,000. Kwa mpango wangu chakula ni 36,000 na maranda 4,000, jumla 40,000. Umeokoa 67,000 kila mwezi. Usizitie kwenye vocha. Kwenye karatasi yako kuna mistari mitatu haipo, na hiyo ndiyo gharama ya paka hasa: minyoo, chanjo, na kufunga kizazi.

Dawa ya minyoo ni ndogo, elfu tatu au nne kila miezi mitatu. Chanjo ni mbili. Moja ni ya kichaa cha mbwa. Jina lisikudanganye, paka anaugua na anakuambukiza wewe akikung'ata. Hiyo anaweza kupata kuanzia miezi mitatu, kwa hiyo wako ameshachelewa. Ya pili inakinga mafua ya paka na ule ugonjwa wa kuharisha unaofagia watoto wa paka mtaa mzima kwa wiki moja, na kwa mtoto inarudiwa baada ya wiki chache. Mimi Tanga nalipa 20,000 ya kwanza na 40,000 ya pili. Piga simu kliniki tatu za huko kwako, bei zinapishana mno. Ya kichaa usiilipie kabla hujamuuliza afisa mifugo wa kata yako, kwa sababu Septemba 28 ni siku ya kichaa cha mbwa duniani, na siku za kuizunguka halmashauri nyingi huchanja bure au kwa hela kidogo. Watu wanapeleka mbwa, paka wanawasahau.

Kufunga kizazi ndiko kwenye haraka. Jike anaweza kuanza kuita dume akiwa na miezi minne au mitano, na wewe dirisha liko wazi na shume keshajua njia ya kibarazani. Mimba ni wiki tisa. Watoto wanne ni jambo la kawaida, na anaweza kuzaa mara mbili tatu kwa mwaka. Utarudi kuniandikia barua hii hii ikiwa na paka watano. Kliniki niliyompeleka jike wa dada yangu walitutoza 100,000. Kwa hiyo: 67,000 za mwezi huu na 67,000 za mwezi ujao ni 134,000. Mia inakwenda kwenye upasuaji, 34,000 zinaanzia chanjo. Mpaka hapo dirisha lifunge nusu na uweke wavu wa mbu uliokunjwa mara mbili. Atalia. Mwache alie.

Ukishavuka hiyo miezi miwili, weka kibubu. Elfu 15 kila mwezi, jina lake paka, haiguswi hata kwa harusi. Chanjo za mwaka na minyoo zinatoka humo, kinachobaki kinalala. Nitakueleza kwa nini.

Miaka minne iliyopita, usiku wa kuamkia Idi, nilikuwa jikoni nakaanga visheti. Kipara akaingia kwenye beseni lake, akachuchumaa, akakaa. Akatoka. Akarudi. Kila akichuchumaa anatoa sauti ndogo ya kwenye koo, kama mlango unaohitaji mafuta. Nikasema huyu choo kimemkaza, nikampa kijiko cha mafuta ya nazi, nikaendelea na visheti vyangu. Alfajiri nikamkuta kalala kwenye sakafu ya bafuni, kajibana kwenye saruji ya baridi, katapika, na nilipomshika tumbo lilikuwa gumu kama chungwa bichi. Maranda makavu, hata tone. Hakikuwa choo, ulikuwa mkojo. Njia ya mkojo ya dume ni nyembamba, ikiziba kwa vichembe na ute, anaweza kufa ndani ya siku mbili. Kijana wa jirani alimtia kwenye tenga la kuku, tukapanda bodaboda, mimi na kanga ya sikukuu. Daktari alitoka nyumbani kwake akiwa na kanzu. Akamlaza kwa dawa, akamtia mpira mwembamba, ukatoka mkojo mwekundu kama chai ya rangi.

Bili 165,000. Nilikuwa na 40,000. Nikaenda kwa kijumbe wa mchezo wetu wa upatu asubuhi ya Idi, watu wanatoka kuswali, nikambembeleza anipe zamu ya mtu mwingine kwa ajili ya paka. Mwanamke mzima niliyestaafu na barua ya shukrani. Alinipa, ila mpaka leo nikipita baraza lile wananiita Mama Mkojo.

Daktari aliniambia tatizo langu lilikuwa kumpa dagaa wakavu na chakula kikavu asubuhi na jioni, na mnyama mwenyewe hana tabia ya kunywa. Tangu siku hiyo kila anachokula kina maji: dagaa nawachemsha, supu namwagia humo humo. Haigharimu kitu. Wako ni jike, njia yake ni pana zaidi, lakini mzoeshe hivyo hivyo.

Kwa hiyo kibubu chako kikifika 200,000 pumzika, ukikitumia anza upya. Elfu 40 na 15 ni 55,000 kwa mwezi, 660,000 kwa mwaka. Paka anayetunzwa anaweza kufika miaka 15. Zidisha mwenyewe: 9,900,000. Ni bodaboda tatu mpya, mwanangu. Huyo mwenzako wa dukani alikupa bodaboda tatu uzilipie kidogo kidogo, akasema ni bure.

Kuhusu mdogo wako na paka wa Korogwe. Mimi kwetu ni Pangani. Bibi alikuwa na paka siku zote, ukumbini, darini, jikoni, na kweli hakuna aliyewapangia hela. Lakini nimekaa nikafikiri: katika paka wote wale, sikumbuki hata mmoja aliyezeeka. Tulikuwa tunaamka asubuhi fulani hayupo, tunasema kahama. Muulize mdogo wako kama yeye anamkumbuka mmoja.

Nimrudishe, nisimrudishe, hilo siwezi kukujibia. Ukiona 55,000 zinakubana kwenye kodi na nauli, mtafutie nyumba yenye nafasi kabla hajaanza kuita dume, na umpeleke akiwa amechanjwa. Ukiona zinawezekana, basi wazee walisema paka wa nyumba haingwi, yaani hafukuzwi, na huyo keshakuwa wa nyumba.

SWALI: Shangazi, asalaam aleikum. Niko Mombasa, Kibokoni, nina paka wanne, wawili majike. Kila siku nawanunulia samaki wa shilingi 150 bila mke wangu kujua, kwa sababu nyumbani kuna ada za watoto na yeye huona paka ni israfu. Juzi kapata habari kwa muuza samaki. Nikamkumbusha hadithi ya yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka, akazidi kukasirika. — Baba wa Wanne

JIBU: Waaleikum salaam. Bwana, hadithi ile naijua. Yule alimfungia paka, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. Haikutaja samaki aina ya changu.

150 kwa siku 30 ni 4,500 kwa mwezi, za Kenya hizo. Mkeo hakukasirikia paka, amekasirika kuwa muuza samaki anajua bajeti ya nyumba yake kuliko yeye. Nakushauri ukae naye chini, mstari wa paka uingie kwenye daftari la nyumba karibu na mkaa na maji, na akuandikie yeye kiasi. Ninavyowajua wake za watu, ataanza na 2,000 na atakuwa sahihi. Badala ya samaki mzima chukua vichwa na mikia jioni sokoni wanapofunga, chemsha, chambua miiba yote kwa mkono. Mwiba na mfupa uliopikwa humkwama paka kooni, na ukishakwama utalipa ada ya muhula mzima kwa daktari.

Na hao majike wawili wapeleke wakafungwe kizazi, mmoja mwezi huu, mwingine unaofuata. Madume wasubiri. Dume akizurura watoto wanazaliwa kwa watu. Jike akizurura wanazaliwa chini ya kitanda chako, na ukifika kwenye paka wa nane hakuna hadithi itakayokuokoa kwa huyo mama.

SWALI: Shangazi, mke wangu ana mimba ya miezi mitatu. Mama mkwe anasema paka atolewe nyumbani maana ataharibu mimba. Tuna paka mmoja, wa ndani, na mke anampenda. Itanigharimu nini kumbakiza? — Morogoro

JIBU: Mama mkwe hajasema uongo, amekata tu kona. Kuna kimelea kinachotoka kwenye kinyesi cha paka ambacho ni kibaya kwa mimba. Lakini kinyesi kikitoka leo bado hakiambukizi, kinahitaji siku moja na zaidi ndipo kiwe hatari, kwa hiyo beseni likisafishwa kila siku umeshaizuia njia hiyo. Njia nyingine, ambayo watu hawaisemi, ni nyama isiyoiva na mboga za majani zisizooshwa vizuri, kwa hiyo mishikaki ya nusu nusu pale stendi naye aiache mpaka ajifungue. Paka asipewe nyama mbichi. Mwelezeni na mkunga kliniki kwamba mna paka.

Gharama: glavu za mpira, jozi chache za mia tano tano. Beseni utasafisha wewe, kila asubuhi, miezi yote sita iliyobaki.